Bibi, ugali na mzee wa majeneza wa London

Najua nimekuwa kimya kwa zaidi ya wiki mbili na baadhi yenu mmeshaanza kuuliza kama na mimi nimekimbilia Dar kama wenzangu. Sijakimbia. Nipo hapahapa Jiji la Miamba, ila nilikuwa na mgonjwa, mgonjwa akaniachia swali, na swali likanipeleka kwenye vitabu. Leo nawasimulia yote matatu. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama uko kazini na bosi anapitapita, subiri mchana.

Mgonjwa ni bibi yangu mzaa mama. Ana miaka 71, anaishi Kirumba, si mbali na mwaloni, kwa hiyo harufu ya dagaa kwake ni kama harufu ya chumbani. Ana kisukari cha ukubwani, magoti yanamsumbua, na mizani ya zahanati inasema kilo 94. Alishaambiwa mara nyingi apunguze uzito. Na yeye mara nyingi alishaitikia "sawa daktari," akarudi nyumbani kusonga ugali.

Safari hii alikuwa amesikia. Ndugu mmoja wa mjini (simtaji, tunagombana naye kimyakimya) alimtumia kwenye simu orodha ya vyakula. Orodha inasema hivi: mzee wa zaidi ya miaka 60 aache wanga wote. Ugali, wali, viazi, mihogo, ndizi, mkate, uji, vyote marufuku. Ale nyama, mayai, samaki, parachichi na mboga, atapungua kilo 10 kwa mwezi. Bibi ni mtu wa amri. Akishaamua, ameamua. Siku tano hakugusa tonge.

Siku ya sita, saa kumi na moja alfajiri, binamu yangu akanipigia simu. Amemkuta bibi amekaa kitandani, jasho linamtiririka kama mtu aliyemwagiwa maji, anamwita kwa jina la mjomba aliyefariki miaka mingi. Tukamkimbiza zahanati. Sukari: 2.6. Muuguzi akatazama ile namba, akatutazama sisi. "Jana usiku kala nini?" Mchicha na yai. "Na vidonge vyake?" Kameza, kama kawaida. Muuguzi hakutufokea, ila angetufokea ningejisikia vizuri zaidi.

Vidonge anavyotumia bibi ni vya lile kundi linalolilazimisha kongosho limwage insulini. Havijui kama umekula au umefunga. Ukivimeza na sahani ya ugali vinapambana na ugali. Ukivimeza na mchicha vinapambana na wewe. Mtu mzima akiondoa wanga kwa ghafla huku dozi ikibaki ileile, yanayotokea ndiyo hayo, na mwili wa mzee huwa hautoi onyo la mapema kama wa kijana. Kama una mzazi mwenye sukari na umesoma mpaka hapa tu, inatosha, mpigie simu. Waliobaki tuendelee.

Baada ya dripu na dakika ishirini za roho kuwa mkononi, bibi alifumbua macho vizuri akauliza, "Mbona mmenizunguka kama mko msibani?" Kisha, jioni yake, akiwa amelala ubavu, akaniuliza lile swali: "Mjukuu wangu, mimi nimekua na ugali, mama yangu alikufa mzee sana na ugali, hakuna aliyeugua sukari pale kijijini. Huu wa sasa umeingiwa na nini?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nilipotea.

Nianze mbali, London. Mwaka 1862 palikuwa na mzee mmoja anaitwa William Banting. Alikuwa na miaka 65 na alikuwa amestaafu biashara ya ukoo wake, nayo ilikuwa kuzika watu wakubwa. Kampuni ya akina Banting ndiyo ilikuwa ikishughulikia majeneza na mazishi ya familia ya kifalme ya Uingereza. Mzee mwenyewe alikuwa mfupi, na alikuwa na uzito wa ratili 202, yaani kilo kama 92. Jirani kabisa na bibi yangu. Alikuwa hawezi kuinama kufunga kamba za viatu, na ngazi alikuwa akishuka kinyumenyume taratibu ili magoti na vifundo vya miguu visimlemee. Alijaribu kupiga makasia mtoni. Akapata nguvu, akapata na njaa, akanenepa zaidi. Alijaribu mabafu ya mvuke. Wapi.

Mwishowe masikio yakaanza kuziba, akaenda kwa daktari wa masikio aliyeitwa William Harvey. Daktari huyu alikuwa amekwenda Paris akamsikiliza Claude Bernard akifundisha kuhusu kisukari na kazi ya ini, akarudi na wazo kwamba kama sukari na wanga vinamharibu mgonjwa wa kisukari, huenda ndivyo vinavyomnenepesha na huyu. Akampiga marufuku vitu hivi: mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Akamwachia nyama au samaki karibu kila mlo, mboga, kipande kidogo cha mkate uliochomwa, na (hii bibi yangu asiisikie, ni Msabato) glasi kadhaa za mvinyo. Ndani ya mwaka mmoja hivi Banting alipungua ratili 46, zaidi ya kilo 20. Akafurahi mpaka akaandika kijitabu kwa gharama yake, mwaka 1863, akakigawa. Kikaenea kama moto wa kiangazi. Jina lake likageuka kitenzi cha Kiingereza, na mpaka leo Mswidi akitaka kusema anajikondesha husema "banta."

Kwa hiyo ile orodha ya kwenye simu ya bibi haikuanza juzi. Daktari Robert Atkins aliirudisha Marekani kwa kitabu chake cha mwaka 1972, na Profesa Tim Noakes akaipa moto mpya Afrika Kusini kuanzia mwaka 2013, wenzetu kule wakaiita hivyohivyo, Banting. Sasa inatembea kwa majina mengine mitandaoni, na imefika Kirumba. Lakini zingatia jambo moja: ilianza na mzee, tajiri, ambaye hakuwa akimeza kidonge chochote cha sukari, na daktari wake alikuwa akimfuatilia. Dawa za kushusha sukari hazikuwepo. Insulini yenyewe iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na mmoja wa waliogundua aliitwa naye Banting, Frederick. Majina haya yanapenda kisukari.

Sasa kuna jambo lililonifanya nicheke peke yangu. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alifika hapa kwetu Mwanza, akaliona ziwa ambalo watu walikuwa wakiliita Nyanza tangu enzi, akalibandika jina la malkia wake, Victoria. Akarudi safari ya pili, na mwishoni mwa 1861 akawa mgeni wa Mfalme Rumanika kule Karagwe, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Huko alikuta wanawake wa nyumba ya kifalme wamenenepeshwa mpaka hawawezi kusimama bila kushikwa. Unene ulikuwa ndiyo urembo na ndiyo ufalme. Speke, bila haya, akatoa kamba ya kupimia akampima mmoja wao mkono, kifua na paja, akaandika vipimo kitabuni. Na walinenepeshwa kwa nini? Si kwa ugali wala viazi. Kwa maziwa. Kutwa nzima ni kibuyu cha maziwa, na ukichoka kunywa kuna mtu na fimbo.

Kitabu cha Speke kilitoka London mwaka 1863. Mwaka uleule, mji uleule, na kijitabu cha Banting. Mmoja anasimulia jinsi wa kwetu wanavyonenepeshwa, mwingine anasimulia jinsi alivyokonda kwa kuacha vitu sita, mojawapo maziwa. Na Malkia Victoria alipofariki mwaka 1901, yule mwenye jina la ziwa letu, kampuni ya akina Banting ndiyo iliyomzika. Sijui nifanye nini na habari hii ila kuwapa.

Haya, turudi Usukumani, maana swali la bibi lilikuwa kuhusu ugali wa hapa.

Bibi alizaliwa miaka ya mwanzo ya 1950 katika kijiji kimoja cha Misungwi, upande wa Ukiriguru, kule kwenye kituo cha utafiti wa pamba. Ilikuwa wakati wa Mradi wa Maendeleo ya Usukuma ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947: punguza ng'ombe, lima kwa matuta, panda mihogo ya akiba. Mihogo ilikuwa ni sheria, kila kaya na eneo lake, ili njaa ikija pawe na kitu ardhini. Ukikaidi, faini. Wasukuma walichukia amri hizo kiasi kwamba mwaka 1958 kule Geita watu waliandamana, na TANU ikavuna wanachama. Lakini muhogo wenyewe ulibaki, na ndio uliotupa udaga.

Niliketi na bibi siku tatu nikamwuliza walikula nini. Mahindi? Yalikuwepo, anasema, lakini yalikuwa kitu cha kuchoma. Watoto walipita shambani wakavunja, wakachoma, wakala njiani. Ugali ulikuwa wa mtama na uwele, wa rangi ya udongo, na unga wake ulisagwa kwa jiwe. Mama yake alipiga magoti mbele ya jiwe tangu jogoo la kwanza. Mchana ilikuwa michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vingine vibichi vingine baada ya kuchemshwa, vinawekwa ghalani mpaka kiangazi. Mboga ilikuwa nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na karanga zilizopondwa. Maziwa ya mgando kama ng'ombe wapo. Samaki siku ya mnada. Nyama kwa nadra, akifa ng'ombe au akija mgeni wa heshima. Wenzetu wa kisiwa cha Ukara, ambao mabwana shamba wa kikoloni waliwaandikia ripoti kwa jinsi walivyojaza samadi kila shamba, waliishi kwa uwele na njugu mawe.

Ukihesabu, hapo karibu kila kitu ni wanga. Bibi yangu alikulia kwenye wanga kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Na si yeye peke yake duniani. Wazee wa Okinawa kule Japani, waliosifika kwa kuishi miaka mingi, katikati ya karne iliyopita walipata zaidi ya nusu ya nguvu ya chakula chao kutoka kwenye kiazi kitamu. Michembe, kwa maneno mengine. Watsimane wa msituni Bolivia, ambao utafiti wa mwaka 2017 uliwakuta na mishipa ya moyo iliyo safi kupita watu wote waliowahi kupimwa, wanakula wanga kwa kiasi cha asilimia 72. Sasa mtu akikuambia wanga ni sumu, mwulize kwanza wanga upi, na wa mtu anayefanya kazi gani.

Mabadiliko yaliingia kwa milango mingi, na kila mmoja una historia yake.

Mlango wa kwanza ni posho. Mkoloni alihitaji kulisha manamba, wafanyakazi wa migodini, wa mashambani na wa reli, na askari, kwa chakula kimoja kinachobebeka kwenye gunia na kusagwa kwa mashine. Hicho kilikuwa unga wa mahindi. Msukuma aliyekwenda kutafuta kodi alirudi na mazoea ya posho. Reli ilifika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, na magunia nayo yakapata njia.

Mlango wa pili ni ndege. Usicheke. Kweleakwelea hula mtama na uwele ukiwa wazi shambani, wakati hindi limejifunga blanketi. Kazi ya kuwafukuza ilikuwa ya watoto, wanakaa juu ya kichuguu na kombeo kutwa. Mwaka 1977 serikali ikatekeleza Elimu ya Msingi kwa Wote, watoto wakaenda darasani, nani akae kwenye kichuguu? Bibi anasema mwaka ule mama yake mdogo alipoteza shamba zima la uwele kwa ndege, mwaka uliofuata akapanda mahindi, hakurudi nyuma.

Mlango wa tatu ni serikali yenyewe. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilianzishwa mwaka 1968. Miaka ya 1970 bei ya sembe ilipangwa na kufidiwa, ikawa rahisi kwa mtu wa mjini kununua mfuko wa sembe kuliko kusumbuka na mtama. Ukaja ukame wa 1974, katikati ya operesheni ya kuhamia vijijini. Kampeni ikaitwa Kilimo cha Kufa na Kupona, jina lenyewe linatosha. Meli zikaleta mahindi ya njano kutoka Marekani, na wananchi, kwa kuwa Mtanzania hata na njaa hakosi utani, wakauita unga ule "yanga" kwa rangi ya jezi. Bibi alikuwa na miaka kama 20, alikuwa ameshaolewa na kuhamia mjini, na anasema yanga uliwafundisha kupenda sembe nyeupe. Ukishakula unga wa njano wa msaada, mweupe unakuwa ni ishara kwamba dhiki imekwisha. Ruzuku ya sembe iliondolewa mwaka 1984, lakini ulimi ulikuwa umeshaamua. Dona ilibaki ya wafungwa na wanafunzi wa bweni, mtama ukabaki wa pombe.

Na sembe ni nini hasa? Ni hindi lililokobolewa: ganda na kiini vimeondolewa, yaani nyuzinyuzi, sehemu kubwa ya vitamini na mafuta yake ya asili. Kinachobaki ni wanga mtupu, mweupe, laini, unaoyeyuka tumboni haraka. Pumba tunawapa kuku na ng'ombe. Ndiyo maana kuku wetu wana afya.

Kisha vikaja vitu ambavyo bibi havihesabu kama chakula. Chai ya sukari mara tatu kwa siku. Mtu aliyepanga foleni ya sukari mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawezi kuambiwa anywe chai kavu sasa ambapo sukari ipo dukani. Chapati. Sambusa. Soda kila mgeni akija, na bibi ana wageni. Chupa moja ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na ushee, vijiko saba au zaidi. Mafuta ya kupikia, ambayo utotoni mwake yalikuwa ya kupaka, sasa kijiko kikubwa kimoja kina nguvu ya kalori 120 na yeye anaweka vitatu kwenye mchicha. Na jiwe la kusagia halipo. Kisima hakipo, bomba liko uani. Shamba halipo. Sokoni anakwenda kwa bodaboda.

Kwa hiyo bibi hakukosea aliposema pale kijijini hakuna aliyeugua sukari. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha utafiti wa vijiji 6 vya Tanzania katika jarida la Lancet: wenye kisukari walikuwa asilimia 0.87. Chini ya mtu mmoja kati ya mia, katika nchi iliyokuwa ikila ugali asubuhi, mchana na jioni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 mpaka 64, ulikuta asilimia 9.1, na zaidi ya robo ya watu walikuwa na uzito uliozidi. Tafiti hizi mbili hazilingani moja kwa moja, moja ni ya vijijini na nyingine ni ya nchi nzima, na vipimo vilikuwa tofauti. Lakini hata ukipunguza chumvi yote, kitu kimetokea katikati, na hicho kitu hakiwezi kuwa ugali peke yake kwa sababu ugali ulikuwepo.

Kuna jambo moja ambalo daktari hakuliuliza na bibi hakulisema mpaka siku ya tatu. Nilimwuliza, miaka yote hii umeambiwa upungue, kwa nini hukutaka? Akanyamaza. Halafu akasema, "Wewe hukuuona wakati wa Juliana."

Kwa msioijua: mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera. Kabla jina Ukimwi halijaenea, huku kwetu ziwani watu waliuita Juliana, jina la aina ya shati au kitambaa kilichokuwa kikiingizwa na wafanyabiashara wa mpakani. Upande wa Uganda waliuita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Mtu anapungua wiki kwa wiki, na mtaa mzima unajua kabla yake. Bibi alizika watu wawili wa tumbo lake miaka ile, mdogo wake na mjomba wangu, yuleyule aliyemwita alfajiri ile sukari iliposhuka. Wote walikonda kwanza. Tangu hapo kwake unene umekuwa ni cheti cha afya ambacho jirani anakisoma akiwa upande wa pili wa barabara. Ukimwambia mama wa namna hiyo "punguza kilo 10," unamwomba avae sura ya marehemu. Na kweli, zile siku tano za mchicha, nguo ilipoanza kulegea kidogo, jirani mmoja alishamwuliza kwa sauti ya huruma, "Vipi mama, mbona hivyo?"

Kulegea kwenyewe kwa siku tano hakukuwa mafuta. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo inashikilia karibu gramu tatu za maji. Ukiacha wanga, akiba inaisha, maji yanatoka, mizani inashuka kilo mbili tatu upesi, unashangilia. Watangazaji wa orodha zile wanalijua hili vizuri.

Je, kupunguza wanga ni uongo basi? Hapana, na sitaki mtu anilishe maneno. Mwenye kisukari akipunguza wanga, hasa sukari na sembe, sukari ya damu inashuka. Hiyo ndiyo sababu ileile bibi alianguka: ilifanya kazi, tena mno. Ninachokataa ni ile hadithi kwamba ndiyo njia pekee. Mwaka 2018 watafiti wa Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliogawanywa makundi mawili kwa mwaka mzima, wanga kidogo na mafuta kidogo. Wa wanga kidogo walipungua wastani wa kilo 6.0, wa mafuta kidogo 5.3, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Na hao walikuwa watu wa chini ya miaka 50.

Kwa wazee kuna hesabu nyingine, nayo ni misuli. Mzee akikonda kwa kula kidogo tu, haondoki na mafuta peke yake, anaondoka na nyama ya mapaja inayomwinua kutoka kwenye kiti. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 uliwachukua wazee wanene 107, wa miaka 65 na zaidi, kwa mwaka mmoja. Waliopunguza chakula bila mazoezi walipungua asilimia 10 ya uzito, waliofanya vyote viwili asilimia 9. Karibu sawa. Lakini waliofanya vyote viwili walipoteza misuli kidogo zaidi, na ndio waliotembea na kuinuka vizuri kuliko makundi yote. Kwa mwanamke wa miaka 71 anayeishi kwenye nyumba yenye choo cha nje, kuinuka ni kila kitu. Akivunjika nyonga, uzito wake hautakuwa tena habari.

Halafu kuna suala la mfuko. Banting alikuwa na nyama ya kila mlo. Hapa minofu ya sangara imekuwa ikipanda ndege kwenda Ulaya tangu miaka ya 1990 na sisi tukabaki na mapanki, ile habari iliyomfanya Rais Kikwete mwaka 2006 aishambulie hadharani filamu ya Hubert Sauper. Bahati nzuri dagaa wapo, maharage yapo, karanga zipo, na zote zina protini.

Tulirudi kliniki wiki iliyopita, bibi, binamu na mimi, na ile orodha imechapwa kwenye karatasi. Daktari, dada mmoja mtaratibu kuliko umri wake, aliisoma yote, hakuichana. Kwanza akapunguza dozi ya vidonge. Pili akamwuliza bibi, "Unapenda ugali gani?" Bibi akamtazama kama aliyeulizwa jina lake kwa mara ya kwanza. Akasema wa udaga na uwele, ila vijana hawaupendi. Daktari akasema vijana wapike wao. Ila ni kipande cha ukubwa wa ngumi yake, ngumi ya bibi siyo ya binamu, mboga zijae nusu ya sahani, dagaa au maharage kila mlo, chai bila sukari, soda iwe ya wageni. Udaga nao ni wanga, alisisitiza, si dawa, jina la asili halipunguzi sukari. Lengo si kilo 10 kwa mwezi. Ni kilo tano kwa miezi sita, na jirani akiuliza aambiwe ni magoti.

Nilizunguka soko kuu kutafuta unga wa uwele. Upo, kwa mama mmoja tu, ananiambia wanaonunua ni wa uji wa watoto na wagonjwa wa sukari. Kilo yake ni ghali kuliko sembe. Chakula cha maskini wa jana kimekuwa cha mwenye hela, nikalipa huku nikinung'unika.

Zoezi alilopewa ni kukaa na kuinuka kwenye kiti, mikono imefumbatwa kifuani, bila kushika popote, mara kumi, asubuhi na jioni. Kiti kimewekwa uani, chini ya mwembe, na binamu ndiye mhesabuji. Jumamosi nilipofika nikamsalimu mwangaluka, hakuitikia, alikuwa anahema. Alifika mara nne. Ya tano akashika meza, akaketi, akasema ile isihesabiwe, aanze upya baada ya chai.